Kompyuta Inaganda na Kujizima Kila Mara: Mwongozo Kamili wa Kujua Kama Diski Ndiyo Inakufa

Kompyuta inaganda, inatoa skrini ya bluu (nyeusi kwenye matoleo mapya ya Windows 11), inajiwasha upya. Fundi anapiga Windows mpya. Inatulia siku nne, kisha mchezo unarudi palepale. Inapigwa tena. Mara ya tatu haiwaki kabisa, na hesabu za duka, picha za harusi na tasnifu ya mtu vimekwenda nayo.

Kosa ni lilelile: tiba inatangulia kipimo, na kipimo kinatangulia kuokoa faili. Hapa mpangilio ni huu: okoa, soma ushahidi, pima kitu kimoja kimoja, ndipo ununue kifaa. Hatua ya 1 usiiruke hata kama una hakika tatizo ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Maelezo yanahusu Windows 10 na 11, kwenye laptopu na kompyuta ya mezani.

## Vitu vya kuandaa

- Diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski unayoishuku, iliyofomatiwa kwa NTFS au exFAT. FAT32 haifai kwa sababu haipokei faili moja inayofika GB 4.
- Flashi ya GB 8 yenye Linux Mint (mfumo wa uendeshaji unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila Windows), na flashi nyingine yoyote ndogo yenye Memtest86+ (programu ya kupima RAM). Zote mbili unaziandaa kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kuwashia, kwenye kompyuta isiyo na tatizo.
- Bisibisi ya nyota: PH0 kwa laptopu, PH2 kwa ya mezani. Na brashi laini ya vumbi.
- Kebo mpya ya SATA (inayounganisha diski na mazabodi) kama ni ya mezani.
- Daftari na kalamu. Picha ya simu ya skrini ya bluu nayo inafaa.
- Ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data ya diski.

Huo wa mwisho ndio unaosahaulika. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe kwa BitLocker pale tu mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kujua. Ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows), au ukihamishia diski kwenye mashine nyingine, utadaiwa tarakimu 48. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

`manage-bde -status C:`

Ukiona "Protection On", andika `manage-bde -protectors -get C:` na unakili kwenye karatasi zile tarakimu 48 zilizo chini ya "Numerical Password". Karatasi, si faili ndani ya kompyuta ileile.

## Usiyoyafanya kwa sasa

Usiendeshe `chkdsk /r`. Amri hii ya kukagua diski inailazimisha isome kila sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data), nzima na mbovu, kwa saa nyingi. Diski iliyokuwa na siku kumi za uhai inaweza kuzimaliza usiku huo huo. Isitoshe, chkdsk hunyoosha mfumo wa faili na si kulinda faili zako. Isipoelewa kitu inakikata na kukitupa kwenye folda ya found.000 kwa jina kama FILE0000.CHK, na kazi ya kubahatisha ilikuwa nini inabaki kwako.

Usipige Windows upya. Unaandika GB nyingi juu ya nafasi ambayo huenda bado ina faili zako.

Usifanye defrag (kupanga upya vipande vya faili), wala usinunue programu inayoahidi "kuponya" sekta mbovu. Sekta iliyochakaa haiponi. Diski yenyewe ndiyo inayoihamishia kazi kwenye sekta ya akiba, basi.

Ikiwa HDD, yaani diski ya kuzunguka, inagonga (tik, tik, tik kwa mpigo sawa, kisha kimya, kisha inaanza tena), zima sasa hivi. Kichwa cha kusomea kinatafuta njia na hakiioni, na kila ukiiwasha kinaweza kukwaruza bamba, ile sahani inayobeba data. Kama faili zilizomo zina thamani kuliko bei ya kompyuta, mwongozo huu unaishia hapo kwako: ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data. Habari za kuweka diski kwenye friji ziache, unyevu utaimaliza.

## Hatua ya 1: Okoa faili

Kama Windows inawaka hata kwa dakika 20, dakika hizo ni za kunakili, si za kuchunguza. Chomeka diski ya nje, fungua Command Prompt, andika kwa mstari mmoja:

`robocopy "C:\Users\JinaLako\Documents" "E:\okoa\Documents" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG+:E:\okoa.txt`

Weka jina lako na herufi ya diski yako ya nje. Anza na folda ambayo ukiikosa utalia, kisha inayofuata. Filamu ziwe za mwisho.

Roho ya amri hii ni `/R:1 /W:1`. Bila hizo, robocopy ikikuta faili isiyosomeka hujaribu tena mara 1,000,000, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Utaamka asubuhi uikute bado inahangaika na picha ileile moja. Na `/XJ` inaizuia isiingie kwenye njia za mkato za Windows zinazozunguka na kurudi zilikoanzia.

Utajuaje imefaulu: mwisho wa okoa.txt pana jedwali. Safu ya FAILED iwe 0. Isipokuwa 0, tafuta neno ERROR humo upate majina ya faili zilizogoma. Kisha fungua faili tano au sita za aina tofauti kwenye kompyuta nyingine. Ukubwa wa folda peke yake hauthibitishi kitu.

Kagua pia vitu visivyokaa Documents: data za programu ya uhasibu (mara nyingi ziko C:\ProgramData au moja kwa moja kwenye C:), barua za Outlook zenye .pst, na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Windows ikigoma kuwaka, washa kwa flashi ya Linux Mint. Kitufe cha kuchagua flashi kwa kawaida ni F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Mitego ni miwili:

- Linux ikisema diski imelala usingizi wa Windows, ifungue kwa kusoma tu. Usilazimishe kuandika. Hali hiyo inaletwa na Fast Startup, ambayo haizimi Windows kikamilifu.
- Diski ikionekana kwenye BIOS lakini isionekane kwenye Linux, huenda BIOS imewekwa hali ya Intel RST au VMD. Unaweza kuibadilisha kwenda AHCI ili unakili, ila irudishe ilivyokuwa ukimaliza, la sivyo Windows itakupa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na utadhani umeharibu kitu kipya.

Kunakili kukikwama kila faili ya pili, acha. Nenda moja kwa moja hatua ya 8, sehemu ya ddrescue.

## Hatua ya 2: Andika tabia ya tatizo

Kwanza izuie kompyuta kujiwasha upya kabla hujasoma skrini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `sysdm.cpl`, nenda Advanced, kisha Settings chini ya Startup and Recovery, ondoa alama kwenye "Automatically restart".

Sasa subiri matukio matatu, na kila moja uandike saa, ulikuwa ukifanya nini, chaja ilikuwa imechomekwa au la, na skrini ilisema nini. Tabia zenyewe huongea:

- Kipanya kinatembea lakini hakuna kinachofunguka, na Task Manager inaonyesha diski 100% huku kasi ya kusoma ikiwa karibu na 0: diski, au kebo yake.
- Inazima ghafla kama iliyochomolewa ukutani, bila skrini ya bluu: umeme, joto au betri.
- Skrini ya bluu yenye jina tofauti kila siku, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA: ianze kushukiwa RAM.
- Inajiwasha na kusema haioni diski, lakini ukiizima kabisa dakika tano inawaka vizuri: SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) au muunganisho wake.
- Skrini ya bluu inabaki 0% haisogei: uzito mkubwa uko kwa diski. Asilimia ile ni Windows ikijaribu kuandika kumbukumbu ya ajali kwenye diski, na diski haijibu. Ndiyo maana folda ya C:\Windows\Minidump huwa tupu kwa watu ambao diski zao zinapotea katikati ya kazi.

## Hatua ya 3: Soma kumbukumbu za Windows

Fungua `eventvwr.msc`, ingia Windows Logs, kisha System. Bonyeza Filter Current Log, na kwenye kisanduku cha namba uandike: `7,11,41,51,55,129,153,1001`.

7 inasema diski ina sehemu mbovu. Hii ni nzito kuliko zote. 153 ni ombi la kusoma au kuandika lililorudiwa baada ya kushindikana. 129 ni Windows kuichoka diski isiyojibu na kuiwasha upya. Ukiziona nyingi saa ileile kompyuta ilipoganda, umepata pa kuanzia. 11 na 51 ni hitilafu za mawasiliano au za kusoma. 55 ni mfumo wa faili ulioharibika, na huo unaweza kuharibiwa na diski, RAM au umeme kukatika, kwa hiyo peke yake hauhukumu mtu.

41 imewatisha watu wengi bure. Maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kuaga. Ifungue, nenda Details, soma BugcheckCode. Ikiwa 0, hapakuwa na skrini ya bluu iliyoandikwa: umeme ulikatika, iliganda, au wewe ulishikilia kitufe. Isipokuwa 0, jua kwamba namba hiyo iko katika desimali: 122 ndiyo 0x7A, 292 ndiyo 0x124, 26 ndiyo 0x1A.

Mtego mwingine: tukio linaposema \Device\Harddisk2, hakikisha hiyo Harddisk2 ni ipi. Fungua `diskmgmt.msc` ulinganishe na Disk 0, Disk 1, Disk 2. Diski nzima zimeshatupwa kwa kosa la flashi iliyochomolewa vibaya.

Ukikuta 0x7A, yaani KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, soma tukio namba 1001 kwa makini. Ndani ya mabano baada ya msimbo wa kosa kuna namba nne, na ya pili yake ina thamani ya dhahabu:

- inayoishia c000009c: diski imeshindwa kusoma data, sekta mbovu;
- inayoishia c000009d: diski imekatika mawasiliano, anza na kebo na soketi;
- inayoishia c0000185: hitilafu ya kupeleka na kupokea, nayo mara nyingi ni kebo, kiunganishi au kidhibiti.

Tofauti ya herufi moja kati ya c na d inaweza kuwa tofauti ya bei ya kebo na bei ya diski.

## Hatua ya 4: Soma afya ya diski yenyewe

Kila diski ya kisasa hujiwekea daftari la afya linaloitwa SMART. Pakua CrystalDiskInfo. Rangi ya juu (buluu, njano, nyekundu) isikutulize wala kukutisha, soma mistari.

Kwanza, namba za safu ya mwisho zimeandikwa kwa heksadesimali. Ukiona mstari wa C5 una `000000000018`, hizo si sekta 18, ni 24. Ili kuondoa utata nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC].

Kwa HDD na SSD za SATA, angalia:

- 05: sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba. Moja au mbili zisizoongezeka kwa miezi si msiba. Zikiwa zinapanda wiki hadi wiki, diski inaaga.
- C5: sekta zinazosubiri hukumu, zisizosomeka kwa sasa. Hizi ndizo zinazogandisha kompyuta, kwa sababu diski hung'ang'ana na sekta moja kwa sekunde kadhaa huku Windows ikisubiri. Ikiwa 24 kama juu, kwenye HDD nyingi za sasa hiyo ni vipande vitatu tu vya bamba, kwani kila kipande cha baiti 4,096 huhesabiwa kama sekta 8 za baiti 512. Ni kidogo, lakini kama kimojawapo kimebeba faili ya Windows, kinatosha kuzima mashine.
- C6: zilizoshindikana kusomeka hata kwenye ukaguzi wa diski yenyewe.
- C7: makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi. Hii si diski kufa. Ni kebo.
- 09: saa ilizokwisha kuwa hai. Muhimu kwa aliyenunua laptopu ya mtumba: saa 26,000 ni karibu miaka mitatu ya kuwaka usiku na mchana.

Mistari ya 01 na 07 kwenye diski za Seagate huwa na namba kubwa za kutisha. Ndivyo zilivyo, ziache.

Kwa NVMe, aina ya SSD yenye kasi kuliko ya SATA, majina ni mengine. Media and Data Integrity Errors iwe 0. Available Spare isikaribie kiwango chake cha chini. Percentage Used ikifika 100 haina maana SSD imekufa, bali imemaliza kiasi cha kuandikwa ambacho mtengenezaji alikikadiria. Na tazama Unsafe Shutdowns: kama inapanda karibu sawa na idadi ya kuwashwa, mashine yako inakatiwa umeme kila siku, na hapo hatua ya 7 inakuhusu sana.

Pima kwa undani. Ndani ya Linux Mint, fungua terminali:

`sudo apt install smartmontools`
`sudo smartctl -t long /dev/sda`

Itakuambia dakika za kusubiri. HDD ya TB 1 huchukua saa kadhaa. Kisha `sudo smartctl -l selftest /dev/sda`. "Completed without error" ni habari njema. "Completed: read failure" pamoja na namba ya LBA (anwani ya sekta) ni hukumu: diski yenyewe, bila kebo, bila Windows, bila RAM, imejaribu kujisoma ikashindwa. Hapo hakuna mjadala tena.

Lakini ule mstari wa "PASSED" juu kabisa wa ripoti usiuchukulie kama cheti. Diski yenye sekta 200 zinazosubiri inaweza kuandika PASSED bila aibu.

Kipimo cha long ni mzigo, kwa hiyo kinafanyika baada ya hatua ya 1 tu.

## Hatua ya 5: Kebo, soketi na firmware

Andika thamani ya C7. Zima, chomoa umeme, badilisha kebo ya SATA, tumia soketi nyingine ya mazabodi, na kebo ya umeme ya diski pia ihamishie kichwa kingine. Tumia kompyuta siku mbili. C7 hairudi kuwa 0 kamwe, kwa hiyo unachotafuta ni kusimama kwake. Ikisimama na kuganda kukikoma, umemaliza kwa bei ya kebo.

Kwenye laptopu, fungua mfuniko, chomoa betri ya ndani kwanza, toa SSD ya M.2 (ile nyembamba kama kipande cha RAM), uirudishe na kukaza skrubu yake. SSD iliyokaa mshazari hufanya kazi vizuri mpaka ipate joto na kutanuka.

Firmware ya SSD, yaani programu iliyomo ndani ya diski yenyewe, nayo isipuuzwe. Mwaka 2012 Crucial ilitoa firmware mpya kwa SSD za M4 kwa sababu zikifika saa 5,184 za kuwaka ziliganda, na baada ya kuwashwa upya ziliganda tena kila baada ya saa moja hivi. Diski zilikuwa nzima kabisa. Kwa hiyo tatizo linalorudi kwa muda unaolingana lipeleke kwenye ukurasa wa mtengenezaji, na programu yake ya kusasisha, kabla ya kulipeleka dukani.

## Hatua ya 6: Jaribio la kutenganisha

Hili watu hawalifanyi, na ndilo linaloamua haraka kuliko yote. Chomoa diski kabisa. Washa kompyuta kwa flashi ya Linux Mint, itumie saa mbili au tatu: fungua video, tovuti nyingi, iache iwe na kazi.

Ikiganda au kujizima bila diski ndani, diski haina hatia. Nenda hatua ya 7. Ikitulia kabisa, mshukiwa ni diski, kebo, au Windows yenyewe na draiva zake.

## Hatua ya 7: RAM, joto na umeme

RAM. Washa kwa flashi ya Memtest86+. Ikikataa kuanza, zima Secure Boot, ulinzi wa BIOS unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, kwa muda (hapa ndipo zile tarakimu 48 zinapodaiwa). Iache imalize angalau mzunguko mmoja mzima, na usiku kucha ni bora zaidi. Mstari mwekundu mmoja ni kosa. Hakuna "kosa dogo" la RAM. Ukiwa na vipande viwili, pima kimoja kimoja kwenye soketi ileile, kisha kipande kizima kwenye soketi ya pili, ili ujue kama ni kipande au soketi.

RAM mbovu huigiza diski mbovu kwa ustadi. Inaharibu data kabla haijaandikwa, chkdsk inakuta makosa, inarekebisha, wiki ijayo yamerudi, na diski inalaumiwa. Kama SMART ni safi na tukio la 55 halikomi, pima RAM. Ukikuta ni mbovu, nakili upya faili za hatua ya 1 kwa kompyuta nyingine, maana zimepitia RAM hiyo.

Joto. HWiNFO inatosha. HDD ikizidi nyuzi 50 inateseka. NVMe ikizidi 70 huanza kujipunguza kasi. Prosesa inayogusa 95 hadi 100 muda mfupi baada ya kupewa kazi ina feni iliyozibwa au pesti iliyokauka. Safisha kwa brashi, na shikilia panga za feni zisizunguke unapopuliza.

Umeme. Kwenye kompyuta ya mezani, weka multimita kwenye plagi ya Molex: njano na nyeusi iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu na nyeusi kati ya 4.75 na 5.25. Pima mashine ikiwa na kazi, si ikiwa imetulia. HDD kubwa huzungusha mota yake kwa volti 12, hivyo pawasapulai iliyochoka humfanya mtu asikie diski ikizima na kuwaka akadhani inakufa. Kama matatizo ni ya jioni tu, wakati mtaa mzima umewasha vitu, jaribu kwa UPS au stabilaiza kabla ya kununua chochote. Kwenye laptopu tazama kama betri imevimba (pedi ya kipanya imeinuka, mfuniko haufungi). Ikivimba, acha kuitumia leo.

Yote yakiwa safi, ndipo zamu ya programu: ingia Safe Mode, ondoa draiva au antivairasi iliyoingia karibu na siku tatizo lilipoanza, anza na draiva ya kadi ya picha.

## Hatua ya 8: Hamisha diski inayokufa

Nunua diski yenye ukubwa sawa au zaidi. Kabla ya kuiamini, ijaribu: kuna SSD zinazoandika TB 1 na ndani zina GB 64. Kwa Windows tumia H2testw, kwa Linux f3write na f3read. Fanya hivyo diski ikiwa tupu, tena kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha. Kwa M.2 hakikisha soketi yako inapokea NVMe au SATA. Umbo ni karibu moja, kazi ni mbili.

Kunakili kwa diski iliyochoka, tumia ddrescue, siyo programu za kawaida za kuklone ambazo hukata tamaa kwenye sekta mbovu ya kwanza. Ndani ya Linux Mint:

`sudo apt install gddrescue`
`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Soma namba za SERIAL ulinganishe na lebo zilizobandikwa kwenye diski. Tuseme mbovu ni sda, mpya ni sdb:

`sudo ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /media/mint/NJE/ramani.map`

Ya kwanza ni mbovu, ya pili ni mpya. Ukizigeuza utafuta kila kitu, na hakuna atakayekuuliza una uhakika. Ramani ihifadhi kwenye diski ya nje, si kwenye flashi ya Linux: umeme ukikatika, ukirudia amri ileile kazi inaendelea ilipoishia.

Mzunguko huu unachukua kwanza yanayosomeka kirahisi. Kisha rudi kwa yaliyogoma:

`sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /media/mint/NJE/ramani.map`

Utajuaje imefaulu: "pct rescued" ifike 99 na kitu. 99.99% ni matokeo mazuri, ila kumbuka 0.01% ya TB 1 ni MB 100, na huwezi kujua zilikuwa za nani mpaka ufungue faili.

Chomoa diski mbovu kabla ya kuwasha Windows. Diski mbili zenye utambulisho mmoja huichanganya.

## Hatua ya 9: Baada ya kuhamisha

Sasa ndipo chkdsk ina kazi, tena kwenye diski mpya, na `/f` inatosha:

`chkdsk C: /f`
`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

Kwa mpangilio huo, kwa sababu sfc huchota faili nzima kutoka kwenye ghala ambalo DISM ndiyo hulikarabati. Ukipendelea Windows mpya, huu ndio wakati wake.

Rudi Event Viewer baada ya siku saba kwa kichujio kilekile. Matukio ya 7, 129 na 153 yasiwepo kwa Disk 0. Yakiwepo 129 kwenye diski mpya, usiirudishe dukani kabla ya kurudia hatua ya 5. Mbili mfululizo zikiugua ugonjwa mmoja, mgonjwa ni mazabodi au pawasapulai.

Diski ya zamani iweke kwenye droo kwa miezi miwili, bila kuichomeka. Kuna faili ambayo hutaikumbuka mpaka mwisho wa mwezi mtu anapoiulizia. Muda huo ukipita, usiiuze wala kumpa fundi kwa ajili ya spea: HDD toboa bamba kwa drili, SSD vunja kila chipu nyeusi iliyo kwenye bodi.